Uyoga, hamira na himaya yao

SWALI: Mama mkwe wangu huuhesabu uyoga miongoni mwa mboga, ilhali mwanangu wa sekondari anashikilia kwamba si mmea, tena eti ni ndugu wa hamira ninayotia kwenye maandazi. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Iringa

JIBU: Jikoni mama mkwe hajakosea, maana kwetu hata dagaa huitwa mboga; darasani, hata hivyo, haki ni ya mwanao. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, lakini uyoga hauna klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga huo: hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha miti na majani makavu nje ya mwili wake, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Kuta za seli zake zina khitini, ileile iliyomo katika gamba la mende, na akiba yake ya wanga ni glaikojeni, kama iliyo katika ini letu. Mwaka 1969 mwanaikolojia Mmarekani Robert Whittaker, alipogawa viumbe hai katika himaya tano, yaani makundi makuu kabisa, aliipa kuvu (uyoga na jamaa zake) himaya yake yenyewe, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha baadaye kwamba kuvu ina undugu wa karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.

Kinachopikwa ni tunda tu. Ukichimba kwa subira chini ya uyoga wa kichuguu, utafuata kikonyo kinachozidi kuwa chembamba hadi kwenye sega la kahawia, jepesi kama sponji, lililotandwa na nyuzi nyeupe ziitwazo hifa. Nyuzi hizo ndizo kuvu yenyewe. Mchwa hulijenga sega kwa kinyesi chenye mabaki ya mimea, kuvu huyalainisha, nao hulila. Kwa hiyo walianza kilimo kabla yetu.

Hamira nayo ni kuvu, ila ya seli moja, inayozaliana kwa kuchipua na kuumua unga kwa hewa ya kaboni dioksidi inayoitoa ikila sukari. Imo katika faila (tawi kubwa ndani ya himaya) ya Ascomycota, pamoja na ukungu uliotupatia penisilini, ilhali uyoga wa kichuguu umo katika Basidiomycota, pamoja na kuvu iletayo ugonjwa wa kutu ya ngano. Undugu wao, basi, ni wa himaya, si wa faila.

Lakini si kila chenye nyuzi ni kuvu. Kimelea cha bakajani chelewa, ugonjwa unaoharibu majani na viazi vyenyewe, kilihesabiwa kuwa kuvu kwa miaka mingi, kwa kuwa nacho kina nyuzi. Kimeondolewa katika himaya hiyo, kwani kuta za seli zake ni za selulosi, kama za mimea.