Mfundishe mbwa kukaa peke yake ukiwa bado nyumbani

Mei 2020 tulienda kuchukua mbwa kwa kituo cha wanyama waliookolewa hapa Nairobi. Kafyu ilikuwa ya saa moja jioni, shule zimefungwa tangu Machi, kazi nafanyia kwa meza ya jikoni na kijana wangu anashinda kwa nyumba hana wa kucheza naye, nikasema basi huu ndio wakati, mbwa atapata watu. Na kweli alipata. Wiki ya kwanza alikuwa anajificha chini ya meza, ukishika tu ufagio anafyata mkia na kujikojolea, tukajua huko alikotoka amepigwa sana. Wiki ya tatu akaanza kulala mgongo ukigusa mguu wangu nikiwa kwa mkutano wa Zoom.

Karibu miezi minane hatukuwahi kumwacha peke yake hata lisaa moja. Hapo ndipo nilimkosea.

Januari 2021 shule zote zikafunguliwa, na wiki hiyohiyo bosi akatuita ofisini. Jioni ya kwanza nafika kwa geti jirani ananiambia, "Dada, huyo mbwa wako amelia tangu utoke mpaka sauti imekauka." Kufungua mlango, fremu imechimbwa mpaka mbao nyeupe inaonekana, matone ya damu sakafuni, kucha mbili za mguu wa mbele zimevunjika. Nililia. Hakuwa mtundu, alikuwa anatafuta njia ya kutufuata.

Kwa hivyo kama unataka kuchukua mnyama wakati kila mtu yuko nyumbani, iwe ni korona ama ni likizo ndefu, anza kumzoesha upweke wiki hizo za mwanzo, akishatulia tu. Toka nje nusu dakika, rudi kabla hajaanza kulia, usimshangilie, endelea na shughuli zako. Kesho dakika mbili, halafu tano. Akilia ujue umeruka hatua, rudi nyuma. Shika funguo halafu ukae chini, vaa viatu uende tu jikoni, mpaka mlio wa funguo usimtie hofu tena. Mimi nilikuwa nakunja kitambaa kizee nikificha omena kavu ndani, namwachia nikitoka, anashughulika nacho kukifungua. Kurekebisha hiyo shida baadaye kulinichukua miezi mitatu, na siku zingine nilikuwa namlipa kijana wa ploti akae naye, gharama ambayo singekuwa nayo kama ningeanza mapema.

Landlodi muulize kabla, na akukubalie kwa maandishi hata kama ni meseji tu. Akikataa baadaye itabidi umrudishe mbwa, na mbwa akisharudishwa kituoni mara moja anarudi huko na woga zaidi.

Daktari wa mifugo pia mtafute mapema, ujue yuko wapi na anafunga saa ngapi. Sisi Juni hiyo mbwa alikataa chakula siku nzima, hata matumbo hakugusa, nikainua mdomo nikaona ufizi umepauka kama karatasi. Saa kumi jioni, kafyu inakuja, nampigia huyu hashiki, yule amefunga. Tulipompata mmoja akachukua damu kidogo akaangalia kwa hadubini, homa ya kupe. Alipona kwa dawa lakini daktari aliniambia haingefaa kungoja siku nyingine. Tangu hapo kila jioni napitisha vidole nyuma ya masikio, kwapani na katikati ya vidole vyake, kupe hupenda kujificha hapo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa usiahirishe hata kama pesa ni kidogo, uliza kituoni kama ameshachanjwa na udai kadi. Na mtoto wako afundishwe kwamba akiumwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, aseme papo hapo, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali, si kesho. Ule mwaka watu waliogopa hospitali kwa sababu ya korona, na kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu kila mara mtu hufa.

Sasa hivi nikishika funguo asubuhi, huyu wetu anaenda mwenyewe kwa mkeka wake kungoja kitambaa cha omena. Ile fremu sijaipaka rangi bado.