Re: Iringa kurudi Dar, tusimame wapi?
Mkuu, umesema mnatoka kikao cha ukoo Iringa, mnarudi Dar na watoto, mnataka pa kusimama. Ondokeni alfajiri. Kwenye mteremko wa mlima Kitonga msisimame kwenye kona kupiga picha, malori yanashuka pale breki zinanuka. Shukeni hadi chini, mkifika Bonde la Mibuyu ndipo mnyooshe miguu, mibuyu kila upande na mto Ruaha kando ya barabara. Ruaha Mbuyuni mnunue vitunguu, ila mfunge vizuri. Sisi gari lilinuka hadi Kimara, Dar, mama watoto hajanisamehe. Mikumi barabara inakatiza hifadhini kama kilomita 50: punguza mwendo, twiga mtawaona dirishani bila kiingilio. Ukigonga mnyama, faini inakuhusu.