Kumfurahia Bwana Wakati Mfuko Umetoboka

Ukiwa na shida, usijilazimishe kutabasamu kanisani. Naanza hapo kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mtu wa imani halii, na ukiulizwa habari mlangoni jibu ni lile lile: "Bwana asifiwe, niko sawa." Unarudi nyumbani umechoka kuliko ulivyokuja.

Mume wangu alipoachishwa kazi, tulibaki tukitegemea omena, wale dagaa wa ziwani, ninazouza hapa Kisumu, soko la Kibuye. Anayefanya biashara hii anajua kwamba kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane. Kodi ya nyumba haifungwi, wala karo. Zile chache zinazopatikana ni ghali, na mvua nayo iko. Unaanika asubuhi, saa saba wingu limetanda, unazikusanya zikiwa bado na maji. Kesho yake zimegeuka rangi, na mteja akinusa tu anarudisha gorogoro chini na kwenda zake.

Kilichonisaidia kwanza ni kumwambia Mungu ukweli. Soma Zaburi ya 13: Daudi anauliza "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye kuimba. Zaburi ya 88 haifiki huko kabisa, inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia. Nami nikawa naomba hivyo hivyo nikichambua omena, bila kupanga maneno.

Pili, waache watu waje. Zamu ya kikundi chetu cha akina mama kukutana kwangu ilipofika, nyumbani hapakuwa na sukari ya chai. Walikuja na sukari yao, pakiti ya unga na sukuma. Mama mmoja mzee akaanzisha wimbo. Sauti yangu haikutoka. Wakaimba beti zote bila mimi, na pale nilipoketi, leso usoni, nikahisi furaha imeniingia kweli kweli, na kodi sijalipa.

Tangu siku hiyo nausoma waraka kwa Wafilipi kwa macho mengine. Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na tunapenda kunukuu "Furahini katika Bwana sikuzote". Endelea mbele kidogo katika sura hiyo hiyo ya 4: anawashukuru kwa vitu walivyomtumia kwa mkono wa Epafrodito. Aliyetuambia tufurahi alikuwa amepokea msaada, na hakuona haya kuusema. Hata kule gerezani Filipi, usiku wa manane, aliimba akiwa na Sila. Mimi naamini furaha hii Mungu huipitisha mikononi mwa watu, na anayejifungia ndani na shida zake anaikosa.

Lakini si kila mtu wa kumfungulia mlango. Akija mtu kukuambia umekwama kwa sababu imani yako ni haba, kisha akupe nambari ya kutuma "mbegu", yaani pesa ya kununulia baraka, usitume. Pesa ya unga nunua unga. Nabii Habakuki hakuahidiwa mavuno ndipo afurahi, alihesabu mtini usiochanua, mashamba yasiyotoa chakula na zizi tupu, ndipo akasema, "Walakini nitamfurahia BWANA."

Na ukipata nafasi, mpelekee uji jirani anayeuguza. Hata kikombe kimoja.

Mume wangu bado anafanya vibarua, hajapata kazi ya kudumu. Tunaomba kuhusu hilo kila jioni, siku nyingine kwa machozi, na bado tunaimba. Kama huna kikundi, Jumapili hii usikimbilie matatu baada ya ibada. Mtafute mama au mzee mmoja unayemwamini, umweleze shida yako kama ilivyo: ni kodi, ni ugonjwa, ni ndoa. Kisha mwombe aje kwako wiki hiyo, msali pamoja.