Waziri mkuu asiye lodi wala mbunge: iliwezekanaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sheria mwaka wa pili. Mwenzangu anadai Alec Douglas-Home aliwahi kuwa waziri mkuu wa Uingereza bila kuwemo Bunge la Malodi (lisilochaguliwa) wala la Makabwela (la wabunge wanaochaguliwa). Nimembishia. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Mwenzako ndiye mkweli. Kuanzia 23 Oktoba hadi 7 Novemba 1963, siku 15, Home aliongoza serikali akiwa si lodi wala mbunge.

Uingereza haina sheria inayomtaka waziri mkuu awe mbunge. Ni desturi tu, ila desturi yenye nguvu. Mwaka 1923 waziri Lord Curzon alirukwa, uwaziri mkuu akapewa Stanley Baldwin, na ulodi wake ulikuwa sababu mojawapo. Sheria ilibana kwingine: aliyerithi ulodi hakuruhusiwa kukaa Makabwela, wala hakuwa na njia ya kuukataa urithi wenyewe.

Home yalimkuta hayo. Aliingia Makabwela 1931 kwa jimbo la Lanark kupitia chama cha Conservative, akawa msaidizi bungeni wa Neville Chamberlain, aliyekuja kuwa waziri mkuu, na kufuatana naye hadi Munich 1938 kwenye mazungumzo na Hitler. Kisha kifua kikuu cha uti wa mgongo kikamlaza kama miaka miwili, mwili umefungwa plasta. Alipoteza kiti 1945, akakirudisha 1950. Mwaka uliofuata baba yake akafariki, naye papo hapo akawa Earl (cheo cha ulodi wa kurithi) wa 14 wa Home. Ubunge ukamponyoka bila kura hata moja kupigwa.

Aliyemfungulia mlango ni mtu wa chama pinzani, Tony Benn wa Labour, aliyepoteza kiti namna hiyohiyo baba yake alipofariki 1960, akapigana miaka mitatu hadi Sheria ya Ulodi, iliyomruhusu aliyerithi ulodi kuuvua, ikapita tarehe 31 Julai 1963. Hapa tia alama kwenye daftari lako. Muswada wa serikali ulitaka sheria ianze kutumika bunge litakapovunjwa. Malodi wakaurekebisha ianze mara moja. Bila rekebisho hilo Home asingeweza kuuvua ulodi Oktoba ile.

Waziri mkuu Harold Macmillan alipojiuzulu kwa ugonjwa, Home akashika uwaziri mkuu tarehe 19 Oktoba, na tarehe 23 akauvua ulodi. Jimbo la Kinross na Perthshire Magharibi lilikuwa wazi kwa sababu mbunge wake alikuwa amefariki. Mgombea wa Conservative, George Younger, akampisha. Ufunguzi wa bunge ukasogezwa hadi 12 Novemba ili aingie akiwa mbunge. Baada ya kuuvua ulodi aliitwa Sir Alec; hilo "Sir" halikutokana na ulodi bali na nishani ya Scotland ya Thistle, aliyopewa 1962.

Hakudumu. Oktoba 1964 Labour ya Harold Wilson ilipata viti 317, Conservative 304. Lakini sisi mwaka wake unatuhusu sana: Zanzibar na Kenya zilipata uhuru Desemba 1963 yeye akiwa waziri mkuu, na Januari 1964, askari wa Tanganyika walipoasi kambi ya Colito, serikali yake ndiyo iliyotuma makomando kwa ombi la Mwalimu Nyerere.

Jambo moja wanafunzi hulikosea: anayeuvua ulodi huuvua kwa maisha yake tu, hawanyang'anyi warithi wake. Home alirudi Malodi 1974 kwa ulodi wa maisha, usiorithiwa. Alipofariki 1995, mwanawe David akawa Earl wa 15.