Sifuri ya kwenye chuma

Mara ya kwanza kukusanya data niliwapima wanafunzi wa kidato cha pili kwa kujivuta kwenye chuma hadi kidevu kipite juu. Wasichana wengi walipata sifuri. Nikaandika sifuri, nikapiga wastani, nikajiona mtafiti. Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: aliyening'inia sekunde 40 bila kujivuta na aliyeachia papo hapo, hao nguvu zao sawa?

Ninyi mnaoanza utafiti wa kupima nguvu na mazoezi, anzieni hapo. Kutoka sifuri hadi mara moja ni mlima. Kutoka mara 20 hadi 21 ni kukaza meno kidogo tu. Kwenye karatasi, hatua zote mbili ni "moja", na wastani wako haujui tofauti.

Georg Rasch, mwanahisabati wa Denmark aliyechapisha modeli yake (kanuni ya hesabu ya kupima) mwaka 1960, aliweka uwezo wa mtu na ugumu wa swali kwenye rula moja. Vikilingana, nafasi ya kufaulu ni nusu kwa nusu. Uwezo ukizidi kwa lojiti moja (lojiti ndiyo kizio cha rula hiyo), nafasi hufika karibu 73%. Kwa lugha ya uwanjani: kuning'inia sekunde 10, kujivuta miguu ikigusa chini, kujivuta kamili, kila kimoja kina mahali pake kwenye ngazi. Sifuri zikijaa, ngazi yako imekosa vipandio vya chini. Watoto hawana kosa.

Dodoso ndilo linalowaangusha wengi. Mama anayebeba ndoo za maji kila alfajiri, muulize kama anafanya mazoezi. Atasema hapana, na kwa Kiswahili chake yuko sahihi: mazoezi ni ya wenye raba. Kijana wa mjini anayetoa jasho kiasi hichohicho atasema ndiyo. Swali la namna hiyo linapima maana ya neno, na modeli ya Rasch itakuonyesha likiwapendelea wa mjini, ilimradi ukague. Kagua na majibu pia: "mara chache" na "mara moja moja" kuna watu hawazitofautishi kabisa (hata mimi sina hakika), basi ziunganishe.

Kuhesabu kwenyewe si kazi kubwa. R, programu ya kompyuta ya takwimu, ni ya bure. Mimi siku hizi nikienda uwanjani sikosi saa ya kuhesabia sekunde, hata kama fomu haiziulizi.