Kigae Kisicho na Lebo

SWALI: Shikamoo mama. Nimeona picha za ghala la Agora, uwanja wa soko la kale la Athens, madroo yamejaa vigae vya vyombo vilivyovunjika, vimeandikwa namba kwa wino. Kwa nini wasitunze mitungi mizima yenye michoro, hivyo vingine wakavitupa?
Mwanafunzi wa historia, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Niliwahi kukaa misimu miwili kwenye ghala la uchimbaji huko Ugiriki nikiosha vigae kwa mswaki, kwa hiyo swali lako limenigusa.

Si kila kigae hupewa namba yake. Vya kawaida huwekwa boksi moja, na lebo ya tabaka la udongo vilimotoka. Namba ni ya kile chenye neno la kusema. Pale Agora, ambako uchimbaji ulianza 1931, P ni vyombo vya udongo, L ni taa, I ni maandishi. Unapaka vanishi kidogo upande usioonekana sana, ikikauka unaandika kwa nibu nyembamba, unapaka tena juu. Halafu kadi: vipimo, rangi ya udongo, kisima gani, kina gani.

Sasa sikia habari ya Themistokles, mwanasiasa wa Athens. Katika karne ya 5 KK Waathene walikuwa na kura ya kumfukuza mwanasiasa mjini kwa miaka 10, na mpiga kura alikwaruza jina la anayemkataa kwenye kigae. Mwaka 1937, katika kisima kimoja kwenye mteremko wa kaskazini wa Akropoli, kilima cha ngome ya mji, vilipatikana vigae vipatavyo 190 vyenye jina la Themistokles. Vingi ni vitako vya vikombe, vitu vya jalalani kabisa. Mwanaakiolojia Oscar Broneer alipovilinganisha, aliona miandiko ya watu 14 tu! Inaelekea watu wachache walikaa wakaandika kura kwa wingi, tayari kugawiwa wapigaji. Angeokota kumi vizuri akaacha vingine, siri ile ingebaki kisimani.

Maandishi ya jiweni yana kazi yake. Unalowesha jiwe, unabandika karatasi nzito iliyolowa, unaipigapiga kwa brashi mpaka izame kwenye herufi. Ikikauka unaibandua na kuipeleka dirishani. Mwanga ukiingia kwa ubavu, herufi ambayo jicho lilishaikatia tamaa inajitokeza. Ukinakili, herufi uliyoijaza kwa kukisia unaifunga kwenye mabano ya mraba, na yenye shaka unaiwekea nukta chini. Asiyefanya hivyo anamdanganya msomaji, na mimi sina subira na mtu wa namna hiyo.

Siku moja nilifungua boksi la zamani lililoingiwa na unyevu, lebo imeoza. Ndani mlikuwa na kitako cha kikombe, kimekwaruzwa herufi tatu safi kabisa. Nilikigeuzageuza mchana kutwa. Hakuna aliyeweza kuniambia kama kilitoka kisimani, kaburini au chini ya sakafu ya nyumba ya mtu. Nikakiandikia kadi yake, na kwenye mstari wa mahali nikaweka kistari.