Usukani wa pikipiki ya porini: usikimbilie kuchomelea

Mtu akitoka Kitunda au Kipili kule Sikonge, vidole vimekufa ganzi na usukani umekaa upande, akifika Tabora mjini anaenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea: "Niongezee chuma hapa kati." Fundi naye hakatai kazi. Siku chache baadaye utamsikia analalamikia mabega. Ugumu ukizidi nao ni ubovu.

Usukani lazima unepe kidogo. Kishindo ambacho shokapu za mbele hazikukimaliza kinapanda juu, na bomba lisiponepa kinaishia kwenye viganja vyako. Waliobuni usukani wa kisasa wa motokrosi, zile mbio za pikipiki kwenye njia za udongo, walilijua hilo. Wameufanya mnene katikati, milimita 28.6 pale unapobanwa, kisha unapungua hadi milimita 22.2 kwenye raba za kushikia. Nguvu iko katikati, mbawa zinanepa, na aina nyingi hazina kile chuma cha kukingama juu. Wa kizamani, wenye milimita 22.2 mwanzo hadi mwisho, ndio unaokihitaji, maana bila hicho ukianguka mara moja umepinda. Ukiutaka ule mnene, hakikisha unapata na vibanio vyake. Usije ukapanua vya zamani kwa tupa.

Chuma au alumini? Kwa mashindano, alumini, kwa wepesi wake. Kwa bwana nyuki au bwana shamba anayelala mbali na duka la vipuri, mimi nachagua chuma bila kusita. Chuma kikizidiwa kwa kawaida hupinda, utafika nyumbani nacho hivyo hivyo. Alumini huweza kukatika ghafla. Na alumini iliyopinda hainyooshwi wala haichomelewi, kwa sababu moto unaua ule ugumu wake. Ukiwa nayo, ifute kwa kitambaa chenye petroli, pitisha ukucha pembezoni mwa kibanio. Ukucha ukinasa, hata kwenye mstari mwembamba kama unywele, itupe.

Sasa raha ya dereva, ambayo wengi wanaitafuta dukani wakati iko kwenye spana namba 12. Kwenye mchanga wa njia za tumbaku unasimama juu ya vikanyagio. Basi simama hivyo pikipiki ikiwa imeegeshwa, mtu akushikie, ushike usukani. Ukijikuta umeinama kama unachota maji, uinue kwa vipande vya kuinulia. Usiuzungushe kuuvutia tumboni. Ukikaa itakuwa raha, ukisimama gurudumu la mbele litakuwa jepesi na mchanga utaamua uende wapi. Mikono ya klachi na breki iteremshe kidogo ili kiganja na mkono viwe mstari mmoja, halafu isikazwe mno: ukianguka izunguke, isikatike.

Usukani mpana ukigonga vichaka, kata kidogo kidogo, pande zote sawa. Kilichokatwa hakirudi.

Ukishauinua, angalia kebo na bomba la breki kabla hujaondoka. Washa injini ingurume taratibu, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Injini ikinguruma zaidi yenyewe, kebo ya mafuta ni fupi, na kona ya kwanza itakupeleka porini.